Yah: Malalamiko kuhusu eafoni za waya zilizouzwa kwa maelezo ya kupotosha

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Sauti,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu eafoni za waya kwa Sh 38,000. Risiti ya EFD ninayo, na nakala yake nimeiambatanisha pamoja na picha za boksi pande zote. Nilizinunua kwa ajili ya kicheza muziki changu kidogo cha kadi, ambacho nakitumia kusikilizia rekodi za mazoezi. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nikiwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara kwenda Gerezani ndipo napata nafasi ya kusikia nani alipandisha sauti, nani aliishusha, na sauti ya pili iliingia wapi kabla ya zamu yake. Kazi hiyo siwezi kuifanyia kwenye simu, kwani simu yangu haina tundu la pini na haiachi kuita. Kwangu mimi eafoni ni chombo cha kazi, na Sh 38,000 ni fedha niliyoipangia.

Kijana wenu wa kaunta alinipokea vizuri. Nilimweleza nina kifaa gani na nina bajeti gani, naye akanisomea yaliyoandikwa kwenye boksi, maana hakuwa na kingine cha kunisomea. Simlaumu. Malalamiko yangu ni kwenu mnaoagiza bidhaa na kuidhinisha maneno ya kwenye boksi, kwa sababu mtu mwenye fedha ndogo hachagui kwa kujaribu eafoni kumi. Anachagua kwa kusoma, na maneno hayo yakiwa si ya kweli hana pa kushika.

Nianze na pini. Boksi linasema: "Zinafaa kwa vifaa vyote vyenye tundu la milimita 3.5." Nilipozichomeka, kinanda kilisikika kwa pembeni, makofi yalisikika, hata mwangwi wa ukumbi ulisikika. Mwimbishaji hakuwepo. Sauti yake, iliyorekodiwa katikati, ilikuwa imefifia kama ya mtu anayeimba nje ya jengo. Nikabonyeza kitufe cha kupokelea simu kilichopo kwenye waya na kukishikilia: mwimbishaji akarudi mzima. Nikakiachia, akapotea tena. Nilijaribu rekodi nyingine na nyingine, ikawa hivyo hivyo.

Nilizipeleka kwa fundi, akazipima kwa mita mbele yangu. Pini yenu ina sehemu nne: kushoto, kulia, waya wa pamoja wa kurudishia umeme ambao mafundi wanauita ethi, na maikrofoni kwenye kitako cha pini. Tundu la kicheza changu ni la sehemu tatu, halijui habari ya maikrofoni, na mguso wake wa ethi unaangukia pale pale kwenye kitako. Ethi ya eafoni inabaki inaning'inia. Matokeo yake spika ya kushoto na ya kulia zinapitishiana umeme zenyewe kwa zenyewe, na kinachosikika ni ile tofauti tu kati ya pande mbili. Kilicho sawa pande zote mbili, yaani mwimbishaji aliyesimama katikati, kinajifuta. Kitufe kikibonyezwa kinaunganisha maikrofoni na ethi, ndiyo maana sauti inarudi. Eafoni hizi si mbovu, Ndugu Meneja, na kwenye simu nyingi zenye tundu zitafanya kazi vizuri. Ila kuna vicheza muziki ambavyo havipatani nazo, na ninyi mmeandika "vyote". Mstari mmoja tu, "zimetengenezwa kwa simu, jaribu kwanza kwenye kicheza muziki chako", ungeniokolea fedha yangu.

La pili ni hesabu ya sauti, na hapa ndipo nilipoumia zaidi, kwa kuwa ndipo uchaguzi wangu ulipofanyika. Kwenye kabati yenu kulikuwa na jozi mbili, zote zimeandikwa omu 16, yaani ukinzani wake wa umeme ni sawa. Ya kwanza, ya Sh 30,000, iliandikwa desibeli 105 kwa miliwati, yaani ukubwa wa sauti inayotoka ikilishwa miliwati moja ya umeme. Ya pili, hizi nilizonunua, iliandikwa desibeli 118, basi, bila kusema kwa kipimo gani. Kicheza changu ni kidogo na hakina nguvu nyingi, kwa hiyo nilitaka eafoni inayotoa sauti ya kutosha kwa umeme mdogo. Nikaongeza Sh 8,000 kwa ajili ya ile 118.

Nyumbani nikafungua karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Kwa maandishi madogo kabisa imeandikwa desibeli 118 kwa volti moja. Hicho ni kipimo kingine. Kwa eafoni ya omu 16, volti moja ni zaidi ya miliwati 62, na ukirudisha hesabu kwenye miliwati moja unatoa karibu desibeli 18. Zinabaki 100. Kwa hiyo zile za Sh 30,000 zinatoa sauti kubwa kuliko hizi kwa desibeli 5, wakati mteja anayesoma maboksi mawili kabatini ataapa kwamba hizi zimezishinda kwa 13. Mtengenezaji ameandika ukweli kwenye karatasi ya ndani. Aliyechapa boksi la nje ndiye aliyeondoa maneno mawili, "kwa volti", na anwani iliyopo kwenye boksi hilo ni yenu.

Kuhusu alama ya sauti ya hali ya juu na masafa ya hadi hezi 40,000 (mitetemo kwa sekunde) mliyoiweka mbele ya boksi, nitasema kwa ufupi. Sikio la kijana mwenye afya linaishia kwenye hezi 20,000 hivi, na la mtu mzima chini ya hapo. Namba hiyo haimsaidii mteja wa Sh 38,000 kuchagua chochote. Nafasi iliyochukua mbele ya boksi ingetosha kueleza pini na kipimo cha desibeli.

Nakuja kwenye vipira vya masikioni. Ndani ya boksi kuna jozi moja tu, ya saizi ya kati. Sikio langu la kulia ni jembamba kuliko la kushoto, jambo la kawaida kwa watu wengi, na kipira kisipoziba vizuri besi yote inavuja. Kwa mwalimu wa kwaya, kupoteza besi ni kupoteza robo ya waimbaji wake. Lakini kuna kubwa kuliko hilo. Kipira kisichoziba kinaingiza kelele za barabarani, na msikilizaji anapandisha sauti ili kuzishinda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda huo kwa nusu: kwa 83 zinabaki saa 20, kwa 86 saa 10. Ndani ya daladala iliyojaa, mtu anazipita namba hizo bila kujua. Wanakwaya wangu wengi ni vijana na wananunua eafoni za bei hii hii. Vipira vya saizi tatu ni kitu cha bei ndogo sana kiwandani, na ndivyo vinavyomwezesha kijana kusikiliza kwa sauti ya chini. Ningependa mlione hili kama suala la afya ya wateja wenu.

Niliporudi dukani niliambiwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na zaidi ya hapo eafoni ikishaingia sikioni haipokelewi. Hoja ya usafi naielewa na naiheshimu. Lakini tatizo la pini lingeonekana hapo hapo kaunta endapo mngekuwa na jozi moja ya kujaribia, vipira vyake vikafutwa kwa spiriti baada ya kila mteja. Nilikuwa na kicheza changu mfukoni siku ile, na niliomba kujaribu. Nikajibiwa kwamba boksi likifunguliwa limenunuliwa. Huwezi kumzuia mteja asijaribu kabla ya kununua, kisha ukamkatalia kurudisha kwa sababu amejaribu baada ya kununua.

Ninachoomba ni haya. Nirudishiwe Sh 38,000, au nibadilishiwe kwa zile za Sh 30,000 na kurudishiwa Sh 8,000, mradi nizijaribu kwanza na kicheza changu palepale kaunta. Pili, maboksi yaliyobaki kabatini yabandikwe stika inayosema aina ya pini na kipimo kamili cha desibeli. Kazi hiyo inaweza kufanyika kwa siku moja. Tatu, wekeni jozi ya kujaribia. Vipira vya saizi tatu najua vinahitaji oda mpya, hilo naliacha kwenu, ila naomba mnijibu kama mtalifanyia kazi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitawasilisha malalamiko haya, pamoja na boksi, karatasi ya ndani na eafoni zenyewe, kwa Tume ya Ushindani. Ningependelea tumalizane wenyewe. Duka lenu liko njiani kwangu, na wanakwaya huniuliza wanunue wapi.

Ninapatikana kwa namba niliyoandika nyuma ya risiti, jioni baada ya saa kumi na mbili.

Wako mteja,
Mwalimu wa kwaya,
Kimara, Dar es Salaam.

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha za boksi, nakala ya karatasi ya ndani.