Usikimbilie kuvunja ukimya: barua kwa mwalimu mwenzangu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na usahihishaji. Nimefurahi mno kusikia kwamba muhula ujao wanafunzi wako wa saikolojia wa mwaka wa tatu hawataishia kunakili hatua za kikundi ubaoni, bali wataketi kwenye kikundi na kukichunguza kikiwa hai. Umeniuliza mambo mawili: uandae nini, na ufanye nini siku watakapokukasirikia. La pili ndilo zito, ila nianze na la kwanza, maana maandalizi mabovu huzaa hasira isiyofundisha kitu.

Una wanafunzi 24. Wagawe vikundi vitatu vya wanane wanane. Wakiwa watano, wakikosekana wawili hakuna kikundi tena. Wakizidi 12, nusu yao hugeuka watazamaji. Wagawe wewe, usiwaachie wachaguane, kwa sababu marafiki wa bweni moja watakuja na mambo yao yaliyokwisha kupangwa. Fanya vikao kumi, kimoja kila wiki, saa tatu kamili hadi saa nne na robo, chumba kilekile, viti vya kimo kimoja kwa duara, bila meza katikati. Asiyekuja, kiti chake kibaki palepale. Anza kwa saa hata kama wamefika watatu, na umalize kwa saa hata kama mtu ana neno mdomoni. Wengi huona hilo ni ukatili. Lakini jambo zito lina tabia ya kutolewa dakika mbili kabla ya kuondoka, na ukirefusha muda mara moja, wiki inayofuata kila mtu atasubiri dakika za nyongeza.

Umesema utaongoza kikundi kimoja na pia utasahihisha kozi nzima. Hapo nakusihi ubadilishe. Anayewapa alama asiketi ndani ya duara, wala wawezeshaji, yaani wanaoongoza vikundi, wasimpelekee habari za nani alisema nini. Mwanafunzi akijua kwamba machozi yake au ubishi wake vitageuzwa alama, ataigiza machozi au ataficha ubishi, na utabaki unachunguza maigizo. Alama zitoke kwenye insha watakayoandika kuhusu kikundi peke yake, nayo isahihishwe na mwalimu mwingine.

Wiki moja kabla, gawa fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja. Iseme wazi kwamba hapa ni mahali pa kujifunza, si pa tiba. Kwamba siri za wenzao hazitoki nje. Na kwamba mwezeshaji atalazimika kuvunja siri endapo maisha ya mtu yako hatarini. Anayekataa kushiriki apewe kazi nyingine ya uzito uleule, kwa mfano kuhudhuria na kuchambua vikao vya wazi vya serikali ya wanafunzi. Kama hana pa kukimbilia, saini yake haina maana.

Sasa tuje kwenye duara lenyewe. Siku ya kwanza sema maneno haya tu, au yanayofanana nayo: “Kazi yetu ni kuchunguza yanayotokea kati yetu, hapa na sasa. Nitawasaidia katika kazi hiyo. Tutamaliza saa nne na robo.” Kisha nyamaza. Watacheka, watatazamana, mmoja atasema tujitambulishe. Majina na mikoa yakiisha, kuna atakayependekeza wachague mwenyekiti na katibu, pengine wafungue kwa sala. Watu waliolelewa kwenye kamati za harusi na vikoba wakikuta mahali pasipo na mwenye kuongoza, huunda kamati. Usikataze, na usibariki. Ngoja waone kwamba mwenyekiti amepatikana na ukimya umerudi vilevile, ndipo useme: “Mwenyekiti tumempata, lakini macho bado yananitazama mimi.”

Hapo ndipo walimu wengi huanguka. Kimya cha dakika tatu kwa mwalimu ni kirefu kama saa, naye hutoa swali, mfano, au mchezo wa kuchangamsha, na wanafunzi hushusha pumzi. Ameshawafundisha kwamba wakinyamaza vya kutosha, mkubwa atakuja kuwaokoa. Wilfred Bion, daktari wa akili aliyeanza kuendesha vikundi vya namna hii katika kliniki ya Tavistock, London, mwaka 1948, alieleza jinsi kikundi kinavyoweza kufanya kana kwamba kimekutana ili kutunzwa na kiongozi, au ili kupigana na kitu au kukikimbia, au ili kungoja wawili wazungumze hadi wazae tumaini jipya. Yote matatu utayaona, na hilo la kwanza utalionja mapema, watakapokuuliza, “Mwalimu, utatufundisha lini?”

Wiki ya tatu au ya nne hasira huiva. Lakini hasira juu ya mtu unayemwamkia shikamoo haina njia ya mbele, kwa hiyo hupita uani. Itakuja kama kuchelewa, kama malalamiko juu ya “baadhi ya walimu” wa mwaka wa kwanza, kama utani usioisha. Njia yake mbaya zaidi ni kumwangukia mwenzao mmoja: mara nyingi ni yule mnyamavu, au anayezungumza kuliko wote, au aliyetoka mbali na wengine. Ukiona watu watatu mfululizo wanampa mmoja ushauri asiouomba, usimtetee kwa kuwakemea. Zungumza na kikundi kizima, na uirudishe hasira kwako wewe inayekulenga hasa: “Najiuliza kama ni rahisi kumlaumu mwenzetu kwa kutosema kitu kuliko kunilaumu mimi.” Baada ya hapo vumilia. Wakikugeukia kwa maneno makali, usijitetee, usieleze nadharia, na usiombe radhi haraka. Siku hiyo, wakigundua kwamba mwalimu amelaumiwa na bado ameketi, kikundi huanza kazi.

Wanafunzi wa saikolojia wana maficho yao maalumu, nayo ni nadharia. Mwanasaikolojia Bruce Tuckman alichapisha hatua zake nne za ukuaji wa kikundi (kuundwa, mgogoro, kukubaliana kanuni, na kutenda kazi) mwaka 1965 baada ya kupitia makala 50, na ya tano, ya kuagana, aliiongeza mwaka 1977 pamoja na Mary Ann Jensen. Katika kikao cha tatu mmoja atatangaza kwamba kikundi kiko kwenye hatua ya mgogoro. Pengine ni kweli, lakini ameshapanda juu ya mti kuwatazama wenzake wakigombana. Muulize yeye mwenyewe anagombana na nani. Sikiliza lugha pia: wakihamia Kiingereza ghafla, mara nyingi kuna jambo linalowachoma.

Nadharia ina saa yake. Kikao kikiisha, wape robo saa ya kwenda kunywa maji, kisha warudi kwa nusu saa, viti vikitazama ubao. Dakika kumi waandike kimya: kilichotokea kama kamera ingekinasa, nilichohisi, nilichofanya au kuacha kufanya, na ninachodhani ndiyo sababu. Zilizobaki ni za kujadili. Usiikate sehemu hii ratiba inapobana, kwani ndiyo iliyozaa mafunzo ya namna hii. Mwaka 1946 huko Connecticut, Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake waliendesha warsha ya uhusiano wa jamii. Jioni watafiti walijadili waliyoyaona mchana, na baadhi ya washiriki wakaomba kusikiliza. Waliposikia mienendo yao ikisimuliwa, wakaanza kupinga na kusahihisha, na ubishi huo ukawafundisha kuliko ratiba ya mchana.

Grupu la WhatsApp watalifungua utake usitake. Weka kanuni moja: lililozungumzwa huko kuhusu kikundi lirudishwe kwenye duara kikao kinachofuata.

Jambo moja linanitia hofu kwa ajili yako. Mtu akifunua kitu kizito mno mapema, tuseme ukatili aliofanyiwa nyumbani, usichimbe, na usiwaruhusu wenzake kuchimba. Mshukuru, mwambie anaweza kuishia hapo, na baada ya kikao mpeleke mwenyewe kwa mshauri wa chuo. Utafiti wa Lieberman, Yalom na Miles juu ya vikundi vya aina hii kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka 1973, ulionyesha kwamba waliodhurika zaidi walikuwa kwenye vikundi vya viongozi wenye mvuto mkubwa na wasukumaji, wanaomlazimisha mtu ajifungue.

Kwenye insha, msahihishaji atafute tukio moja, sehemu ya mwandishi katika tukio hilo, dhana inayolifafanua, na maelezo mengine yanayowezekana. “Nilijifunza umuhimu wa ushirikiano” isipate kitu. Wenzao waandikwe kwa herufi, si kwa majina.

Nitumie rasimu ya fomu ya ridhaa kabla hujaigawa. Ile sentensi ya mipaka ya siri tuipitie pamoja, neno kwa neno. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mwalimu mwenzako