Barua ya Malalamiko: Filamu za Kuiga Zilizouzwa kwa Sura ya Filamu Nyingine

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MKUSANYIKO WENU WA FILAMU ZA VITA VYA ANGANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika nikiwa mteja wenu wa kulipia kwa mwezi, na pia mnunuzi wa mkusanyiko wa filamu za bunilizi ya kisayansi ambao mnauuza kwa malipo ya ziada. Kava la mkusanyiko huo lina kofia nyeusi inayofunika uso mzima, panga mbili za mwanga zilizopishana na kituo cha angani cha mviringo, vyote vikiwa vimepangwa kwa namna ambayo mtu yeyote aliyewahi kuliona bango la Star Wars ya mwaka 1977 ataamini kwamba ananunua filamu hiyo au nyingine ya ukoo wake. Ndani hakuna hata moja. Kilichomo ni filamu za Uturuki, Italia, Japani na Brazili zilizotengenezwa kwa kuiga filamu mashuhuri za Marekani, nyingi zikiwa za gharama ndogo, na kila moja imevuliwa jina lake, mwaka wake, nchi yake na mwongozaji wake. Kwa lugha nyepesi, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Naomba nieleweke mapema, kwa sababu mhudumu aliyejibu barua pepe yangu ya awali alidhani kwamba nalalamikia ubovu wa filamu zenyewe. Sivyo. Filamu za namna hii nazipenda, na kama mngeziuza kwa majina yake halisi ningelipa bila kunung'unika. Sina ugomvi na mwongozaji aliyetamani kutengeneza vita vya angani ilhali hana fedha za kununulia hata rangi ya kutosha ya chombo chake. Ninacholalamikia ni kwamba ninyi mmezificha filamu hizi zisijulikane ni zipi, na katika kuzificha mmeziharibu.

Mfano ulioniudhi kuliko yote ni filamu ya kwanza katika mkusanyiko. Mmeipa jina la jumla lisilo na maana yoyote, lakini aliyewahi kuiona haitampotea: ni Dünyayı Kurtaran Adam, filamu ya Kituruki ya mwaka 1982 iliyoongozwa na Çetin İnanç, mhusika mkuu akiwa Cüneyt Arkın, mmoja wa nyota wakubwa wa sinema ya nchi hiyo. Ulimwengu mzima unaifahamu kama Star Wars ya Kituruki, na si kwa sababu ya kufanana kwa hadithi, maana hadithi zenyewe hazifanani sana. Sababu ni kwamba watengenezaji walichukua vipande vya picha vya Star Wars yenyewe bila ruhusa, wakavitumia kama vita vyao vya angani, kisha wakaweka juu yake muziki wa filamu nyingine, ukiwemo ule wa Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981. Katika sehemu ya mwanzo Arkın anaonekana amekaa amevaa kofia ya rubani, na nyuma ya mgongo wake vipande hivyo vilivyoazimwa kwa nguvu vinarushwa ukutani. Picha ya nyuma inakatwa, chombo kinageuka, pembe ya kamera inabadilika, lakini yeye yuko palepale, anatikisa kichwa na kusemezana na mwenzake kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna mtazamaji wa filamu hii asiyeisubiri sehemu hiyo.

Katika nakala yenu sehemu hiyo haipo. Vita vyote vimekatwa, na pale ambapo haikuwezekana kukata bila kumwondoa mwigizaji, mmefunika mandhari ya nyuma yake kwa weusi mtupu, hivyo kwamba tunamwona mtu mzima akikwepa risasi ndani ya giza. Filamu ambayo inapaswa kuwa ya takriban dakika 90 imebaki na dakika 78. Muziki nao umeondolewa. Pale ambapo Arkın anafanya mazoezi kwa kupiga miamba mikono mitupu na kuruka akiwa amefungwa mawe miguuni, na baadaye pale anapowarukia na kuwatawanya majitu yenye manyoya mekundu, mmeweka mlio mmoja wa kinanda unaojirudia bila kujali kinachotendeka kwenye picha. Maelezo ya filamu hayataji popote kwamba imekatwa wala kwamba sauti yake imebadilishwa.

Ninaelewa vizuri kwa nini kampuni yoyote ingeogopa vipande vile. Hakimiliki ni hakimiliki, na mwenye mali anaweza kudai mali yake hata baada ya miongo kadhaa. Kama wanasheria wenu walisema picha hizo haziwezi kuonyeshwa, mlikuwa na njia mbili za haki: kutoiuza filamu hiyo kabisa, au kuiuza huku mkimweleza mnunuzi kilichokatwa na sababu yake. Ninyi mlichagua ya tatu. Mali ya Star Wars mmeitoa ndani ya filamu, kisha mkaihamishia kwenye kava ili iwavutie wanunuzi. Nashindwa kuona tofauti kati ya kitendo hicho na kile alichofanya İnanç mwaka 1982, isipokuwa kwamba yeye alifanya kazi katika tasnia iliyokuwa imeishiwa fedha, akajaza kwa ubunifu na ujasiri pale alipokosa vifaa, na hakumdanganya mtazamaji kuhusu nani yumo ndani ya filamu yake. Jina la Arkın lilikuwa ndilo tangazo.

Nageukia filamu za Kiitaliano, ambazo zina shida ya aina nyingine. Waitaliano wa miaka ile walikuwa na desturi ya kuandika majina ya kupanga ya Kiingereza ili filamu ionekane imetoka Marekani. Luigi Cozzi aliitwa Lewis Coates. Aldo Lado, alipoongoza L'umanoide ya mwaka 1979, alijiita George B. Lewis, jina ambalo limesogea karibu mno na la George Lucas, mwongozaji wa Star Wars, kiasi kwamba mtu anaweza kucheka peke yake. Hiyo ilikuwa hila ya wakati wake na leo ni sehemu ya historia ya filamu hizo. Mnunuzi wa sasa anastahili kuoneshwa jina la kupanga na jina halisi kwa pamoja. Ninyi mmeyafuta yote mawili. Matokeo yake, mtu anaitazama L'umanoide hadi mwisho bila kuambiwa kwamba muziki anaousikia ni wa Ennio Morricone, na anaitazama Starcrash ya Cozzi ya mwaka 1978 bila kujua kwamba mtunzi wake wa muziki ni John Barry na kwamba yule mfalme wa anga anayetamka kila neno kwa heshima zote ni Christopher Plummer. Hata kibiashara sielewi. Mna majina kama hayo mkononi, nanyi mnauza kofia nyeusi.

Kuna pia suala la mpangilio, ambalo ni la upotoshaji wa wazi. Filamu ya Bruno Mattei ya mwaka 1989 inayojulikana kama Shocking Dark, ambayo iliwahi pia kuuzwa kama sehemu ya pili ya Terminator, mmeiweka kwenye orodha yenu mara tu baada ya The Terminator, filamu ya James Cameron ya mwaka 1984, kana kwamba ni mwendelezo wake. Terminator 2 ya kweli, ya Cameron mwenyewe, ilitoka mwaka 1991. Mattei alilinyakua jina kabla mwenyewe hajalitumia, na kinachoongeza utamu ni kwamba sehemu kubwa ya filamu yake haiigi Terminator kabisa bali inaiga Aliens, filamu nyingine ya Cameron ya mwaka 1986, ila tukio lenyewe linafanyika katika mahandaki ya Venice. Mteja anayefuata mpangilio wenu atadhani ameruka sehemu fulani ya hadithi. Nami nimeshalazimika kumweleza ndugu yangu mmoja, ambaye alinunua kwa ushauri wa orodha yenu, kwamba hakuna alichokiruka.

Maelezo mafupi mliyoandika chini ya kila filamu yanadai kwamba zote "zilifuata mkumbo" wa filamu za Marekani. Hata hilo si sahihi kwa zote. Turist Ömer Uzay Yolunda, filamu ya vichekesho ya Kituruki ya mwaka 1973 iliyoongozwa na Hulki Saner, imechota hadithi yake katika kipindi cha televisheni cha Star Trek cha mwaka 1966, lakini ilifika kwenye majumba ya sinema miaka sita kabla ya filamu ya kwanza rasmi ya Star Trek, iliyotoka mwaka 1979. Ile ya Kijapani ya Kinji Fukasaku, inayofahamika kimataifa kama Message from Space, ilianza kuonyeshwa Japani mwezi Aprili 1978, wakati Star Wars ilikuwa bado haijaanza kuonyeshwa huko. Isitoshe, zile mbegu nane zinazong'aa zinazowaita mashujaa wake zimetokana na riwaya ndefu ya Kijapani ya Kyokutei Bakin ya karne ya 19, si na Hollywood. Kuhusu filamu ya Kibrazili nitasema neno moja tu: ni ya kundi la wachekeshaji Os Trapalhões, na kuiweka chini ya kichwa "tamthilia nzito" ni kumdhulumu mtazamaji na wachekeshaji pia.

Jibu nililopewa na kitengo chenu ni kwamba filamu zote zimepatikana kihalali, kwamba kava ni "picha ya kuwakilisha tu", na kwamba fedha hazirudishwi pale ambapo mteja ameshaanza kutazama. Siwezi kulikubali jibu hilo. Sikuuliza mlizipata vipi. Na kuhusu kuanza kutazama, hakuna njia nyingine ambayo mteja angeweza kugundua ni filamu gani amenunua, kwa kuwa ninyi mliondoa kila alama ambayo ingemwezesha kuitambua kabla ya kulipa.

Kwa hiyo naomba, kwanza kabisa, nirudishiwe malipo yote ya ziada niliyolipia mkusanyiko huu. Naomba pia kila filamu iandikwe jina lake la asili, mwaka, nchi, lugha, mwongozaji na urefu wake halisi, na kwamba palipokatwa paandikwe kuwa pamekatwa. Kava libadilishwe. Mkitaka picha ya kuwavutia watu, tumieni mabango ya filamu zenyewe ikiwa mna haki nayo, kwa maana wachoraji wa mabango wa Italia na Uturuki wa enzi zile hawakuwa watu wa kubahatisha. Shocking Dark iondolewe katika mfululizo wa Cameron na kuwekwa mahali pake. Kuhusu Dünyayı Kurtaran Adam, nawajulisha kwamba nakala yake ya filamu ya milimita 35 ilishapatikana na kuhamishiwa kwenye mfumo wa kidijitali, kwa hiyo kisingizio cha ubovu wa nakala, ambacho mhudumu wenu alikigusia, hakina nguvu; kama hamwezi kuionyesha nzima, ni heri muiondoe.

Nitasubiri jibu la maandishi kutoka kwenu, si ujumbe wa moja kwa moja wa mashine, kwa muda wa siku 21 tangu mtakapoipokea barua hii. Nisipopata jibu katika muda huo, nitaiwasilisha pamoja na picha za kava na za orodha yenu kwa mamlaka inayoshughulikia haki za walaji. Nimeambatisha stakabadhi ya malipo na nakala ya mawasiliano yetu ya awali.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu wa kulipia