Umechemsha maji ya kisima. Naitreti bado imo

Juzi mama mmoja kutoka Tandika alituletea hapa maabara maji ya kisima kwenye chupa ya juisi. Meupe kabisa, ukiyainua kwenye mwanga huoni hata punje. "Mimi huwa nachemsha," akasema, "ila ndiyo namkorogea mtoto maziwa, nikaona bora nipime." Mtoto ana miezi miwili. Alifanya vyema kuja.

Kuchemsha kunaua bakteria. Naitreti ni kemikali, haina uhai wa kuuawa, imeyeyuka majini kama chumvi. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki, kwa hiyo ukichemsha sana unaizidisha kwa kila lita. Haina rangi wala harufu. Maji ya chumvi ya Kigamboni ulimi utakwambia; hii haikwambii.

Mara nyingi inatoka chooni. Mitaa yetu imebanana: choo chako cha shimo huku, cha jirani nyuma ya ukuta, kisima katikati. Uchafu ukioza hutoa amonia, vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa naitreti, na mchanga wetu hauishiki. Inashuka na mvua hadi kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Kwa mtoto mchanga, naitreti nyingi huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, midomo ikageuka bluu.

Ile chupa ya juisi hatukuipokea. Mabaki ya sukari na vidole vilivyogusa mdomo wake vingetupa majibu ya chupa, si ya kisima. Tulimpa chupa zetu safi na maelekezo: fungua bomba la kisimani, siyo la simtanki, maji yatiririke dakika kadhaa, usisuuze chupa ya kupimia bakteria, usiguse ndani ya kifuniko, weka kwenye barafu, ulete siku hiyohiyo.

Alirudi kesho yake asubuhi. Naitreti ilivuka 50. Tulimshauri maji ya mtoto yatoke kwingine kuanzia siku hiyo, na kisima kibaki cha kufulia na kudekia.

Kama kiwanja chako kilikuwa gereji au watu waliyeyusha betri hapo, tuambie mapema. Risasi, ile metali yenye sumu ya kwenye betri, hukaa kwenye udongo wa juu, pale watoto wanapochezea, kwa hiyo tutachukua na udongo.

Chupa tunatoa bure. Sampuli za bakteria lete Jumatatu hadi Alhamisi, kwa kuwa tunazisoma baada ya saa 24.