Mwanangu, shela lifuate gauni

Mwanangu mpenzi,

Gauni la harusi umeshalipata, na nimefurahi hukuchukua shela siku hiyo hiyo. Gauni ndilo linalotangulia. Shela hupimwa, hukatwa na kutiwa urembo kwa kulifuata, na anayeanza na shela huishia kuhangaika na gauni.

Kabla hujajaribu shela lolote, ligeuze gauni ulitazame mgongoni. Wakati wa kufungishwa ndoa wageni wako nyuma yako, na kwa muda mrefu wanachokiona ni mgongo. Kama mgongo huo una lesi, una safu ya vifungo au umeachwa wazi, chukua shela tupu la tabaka moja, kazi ya fundi ionekane kupitia neti. Lesi juu ya lesi nyingine hugombana: ua la shela linaangukia katikati ya ua la gauni na yote mawili yanapotea. Ukipenda lesi pembezoni mwa shela, muulize fundi kama amebakiwa na kipande cha lesi ya gauni lenyewe. Kama hakipo, acha pindo tupu. Lesi inayokaribia kufanana na ya gauni ni mbaya kuliko isiyofanana kabisa, kwa sababu kila atakayeiona atadhani ulikusudia zifanane ukashindwa. Gauni la satini lisilo na urembo ndilo lenye ruhusa ya shela lenye maua au lulu.

Sasa urefu, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usinunue kwa jina la mtindo wala kwa picha. Shela linaloandikwa la vidoleni, yaani linaloishia kwenye ncha za vidole mikono ikiwa imeshushwa, huwa na sentimita 90 hadi 105, lakini kipimo hicho huanzia kwenye kichana kinacholishika shela nyweleni, na kichana chaweza kukaa utosini au chini ya fundo la nywele kisogoni. Tofauti ya hapo peke yake yafika sentimita 15 na zaidi. Vaa viatu utakavyovaa siku yenyewe, tengeneza nywele angalau kwa kukisia, kisha mtu ashike utepe wa kupimia pale kichana kitakapokaa na kuushusha mgongoni hadi unapotaka shela liishie.

Na liishie wapi? Popote pasipo na mstari mwingine. Macho hufuata ukingo wa shela kama yanavyofuata mkanda, kwa hiyo likiishia penye nyonga pana litazipanua, na likiishia pale sketi inapoanza kuchanua litalikata gauni vipande viwili. Kwa gauni la kubana hadi magotini, shela la vidoleni si baya, ila afadhali refu linaloshuka hadi sakafuni bila kukatiza umbo. Kwa gauni la mwamvuli angalia jambo moja: shela la vidoleni hufika juu ya sketi iliyotuna, halina pa kuning'inia, basi hubinuka na kusimama mbali na mwili. Lifupishe liishie kiwikoni, sentimita 65 hadi 75, au lirefushe kabisa lipite sketi yote.

Gauni lako likiwa na mkia, shela refu lazima liupite mkia, walau kwa sentimita 20 au 30. Pima mkia ukiwa umetandazwa sakafuni, si ukiwa umening'inia. Shela linaloishia katikati ya mkia huonekana limepungua kitambaa, na likilingana nao kabisa, hatua moja tu inatosha kulivuta kando.

Upana nao husahaulika. Neti ya shela mara nyingi hupatikana kwa upana wa sentimita 270 au 150 hivi. Ile ya 270, ikikusanywa kwenye kichana cha sentimita 10, hutoa mikunjo mingi na kutuna mabegani. Inalifaa gauni pana. Kwa gauni jembamba chukua ya 150, ishuke imelala. Ukichukua pana, mikono yako na kiuno alichohangaikia fundi vitafunikwa vyote.

Rangi ilinganishe mchana, karibu na dirisha, kamwe si chini ya taa za dukani. Neti ya tabaka moja huonekana nyeupe kuliko ilivyo kwa kuwa mwanga unaipita, kwa hiyo ikunje mara tatu au nne, ndiyo utajua rangi yake halisi. Kisha ifungue, uilaze tabaka moja juu ya gauni. Yote mawili yafanywe, maana mikunjo ya karibu na kichana itaonyesha rangi moja na pindo litaonyesha nyingine. Shela jeupe sana juu ya gauni la krimu hulifanya gauni lionekane limechakaa. Ukishindwa kulinganisha, elekea upande wa krimu.

Neti ya hariri huanguka vizuri kuliko zote, ila huchanika upesi na bei yake ni ya juu. Nailoni laini inatosha kabisa. Ikamate mkononi, ikunje, iachie: ikibaki imesimama kama karatasi, iache.

Kichana kisishikwe na nywele laini tupu, kitateleza. Mwambie msusi asuke msuko mdogo uliolala kichwani pale kitakapokaa, meno yapitishwe chini yake, kisha vibanio viwili vipishane kila upande. Nywele zikiwa fupi, shona vitanzi vidogo vya uzi kwenye kichana ili vibanio vipite humo. Shela lenye shanga nyingi ni zito na huvuta kichwa nyuma. Kabla hujalipa, livae kwa nusu saa nzima. Kama utafunika uso, tabaka la mbele lipite kifua, lisiishie kidevuni, na mjaribu kulifunua kabla ya siku ile, kwani hereni ndefu na mawe yaliyoshikwa kwa vikucha vya chuma hunasa neti.

Jaribio la mwisho lifanyike ukiwa umevaa vyote. Tembea, geuka, keti, kumbatia mtu kwa nguvu. Kisha upigwe picha mgongoni, kwa mwanga wa kawaida na kwa mwako wa kamera, kwa sababu neti inayong'aa ambayo hukuiona kwenye kioo itajitokeza hapo.

Mikunjo ondoa kwa mvuke, shela likiwa limetundikwa. Pasi ya moto huyeyusha nailoni na tundu lake halizibiki; ikibidi pasi, iwe ya moto mdogo kabisa na kitambaa cha pamba kati. Manukato jipulizie kabla ya kulivaa. Mishumaa iwe mbali, neti hushika moto kwa kasi.

Nitumie kwanza picha ya mgongo wa gauni na urefu wa mkia wake, ndipo tuagize neti.

Mama yako