Mistari ya Biblia na pasi ya makaa

Bwana Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Barazani petu ubishi ni ule ule: siku ya ibada ni Jumamosi au Jumapili? Kubatizwa kwa kuzamishwa au kwa kunyunyiziwa? Juzi mwenzangu Msabato na mzee mmoja Mkatoliki walirushiana mistari mpaka pasi ikaunguza kikwembe cha mteja. Pasi ya makaa, nayo, haijui dhehebu!

Paulo alimwandikia Tito, sura ya 3, ajiepushe na maswali ya upuzi na magomvi juu ya sheria. Anayeuliza ili ajue, namvutia kiti. Anayetafuta ushindi tu, namuuliza: mikono ya gauni, mirefu au mifupi?

Mama fundi, Kadutu