Mwanafunzi aliyempeleka mwalimu wake kiwandani

Mhariri, naomba nafasi katika gazeti lako.

Nina miaka 27 ya kufundisha biolojia. Zamani nikifika kwa Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa aliyechunguza vijidudu, nilianzia kwenye maziwa. Siku hizi naanzia kwa Émile Bigo, kijana asiyetajwa katika vitabu nilivyofundishia.

Mwaka 1856, mjini Lille, Ufaransa, baba yake Émile alikuwa akitengeneza spiriti kwa bitiruti. Ikafika wakati juisi inaharibika na kuwa kali badala ya kugeuka spiriti, hasara juu ya hasara. Émile alikuwa akisoma kwa Pasteur, mkuu wa Kitivo cha Sayansi, ambaye tayari alikuwa na desturi ya kuwatembeza wanafunzi wake viwandani, hadi mji wa Valenciennes na nchi ya Ubelgiji. Kupitia kwa kijana huyo, mzee Bigo akamwomba profesa msaada.

Pasteur alikwenda mwenyewe, karibu kila siku. Alichota juisi ya mapipa mazima na ya yaliyoharibika, akaipeleka kwenye hadubini yake. Émile ndiye aliyesimulia baadaye alichokiona mwalimu wake: juisi ikiwa nzima, chembe za hamira ni za mviringo, ikianza kuharibika zinarefuka, ikishaharibika, ni ndefu kabisa. Tangu hapo kiwanda kikaweza kuona hasara kabla haijafika. Agosti 1857 Pasteur akasoma mbele ya wanasayansi wa Lille andiko lake kuhusu uchachu wa maziwa.

Nilipokuwa nafundisha mkoa mwingine, niliwapeleka wanafunzi 34 kwenye kiwanda kimoja, kwa miguu. Barua ya mkuu wa shule nilikuwa nayo, imegongwa mhuri. Mlinzi aliisoma kwenye upenyo wa geti, akanirudishia: "Mwenyewe hayupo." Tulisimama juani nusu saa, harufu ya uchachu ikitujia kutoka kwenye mtaro, tukarudi. Njiani binti mmoja akanisogelea: "Mwalimu, mjomba wangu yuko humo, upande wa boila. Ungeniambia mapema ningemwomba."

Maneno yale bado yananiuma. Tangu siku hiyo, kila Januari nauliza darasani nani ana mzazi au ndugu kiwandani.

Wenye viwanda mnaosoma hapa, nawaombeni siku moja tu kwa muhula. Mada ya uchachu tunaifikia Agosti. Mwaka huu ninao 41, na barua nimeshaiandika.

Mwalimu wa biolojia,
Morogoro