Mita 60 za sheria kutoka mtoni tunazipimia wapi, na mto wenyewe kila masika unahama?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Masika ikiingia tu kurasa zote zinajaa picha za Jangwani, maji yamefika madirishani, barabara imefungwa, watu wanavushwa mgongoni kwa hela, halafu mvua ikikata na habari nayo inakata. Sisi tunaokaa pembeni ya hii mito midogo ya Dar, Mbezi, Tegeta, Mpiji na vijito vingine ambavyo hata jina havina, shida yetu kubwa siyo maji kuingia ndani. Maji yakiingia utapiga deki, utaanika godoro, maisha yanaendelea. Shida yetu ni kwamba kiwanja chenyewe kinaondoka.

Mvua haina siri. Jua likishavuka ikweta mwezi wa tatu kwenda kaskazini, ule ukanda wa mvua nao unalifuata, unatupita juu, na pepo za kusi zinaanza kuleta unyevu kutoka baharini, ndo maana Aprili hapa Dar inazidi miezi yote, kwa kawaida milimita 200 na ushee ndani ya mwezi mmoja. Kuna mwaka inakuja na mambo yake. 2024 El Niño ilikuwa bado inatung'ang'ania, tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaliambia Bunge kwamba watu 155 wameshapoteza maisha nchini kwa mafuriko na maporomoko, hatujakaa sawa Mei 4 kimbunga Hidaya nacho kikatua pwani. Lakini huku kwetu mto hausubiri El Niño wala kimbunga, masika ya kawaida kabisa inatosha.

Nieleze kinachotokea maana naona wengi wanaotoa maoni hawajawahi kukaa karibu na mto. Watu wanadhani maji yanakuja kwa nguvu yanabeba nyumba. Hapana. Pale mto unapokata kona, maji yanakimbilia upande wa nje wa kona na yanakula chini, kwenye mguu wa ukingo, kule ambako ni mchanga mtupu haujashikana na kitu. Juu unaona udongo mwekundu mgumu, majani yamestawi, mwembe umesimama, kumbe chini pameshakuwa pango na mizizi inaning'inia hewani. Mvua ikiwa inanyesha maji ya mto yenyewe yanauegemeza ukingo, haudondoki. Mvua ikikata, maji yanashuka haraka, ukingo umelowa una uzito wa ajabu na hakuna kitu cha kuushikilia, basi unakatika. Ndo maana nyumba nyingi zinaanguka kesho yake, jua linawaka, watu wameshaanza kusema afadhali tumepona. Dalili tunaijua: ufa mwembamba unaotembea uwanjani sambamba na mto, mwanzoni kidole hakiingii, asubuhi unaingiza kiganja. Ukiuona ufa ule usianze kuhesabu vyombo, toa watoto kwanza. Kinachotangulia mara nyingi ni choo na karo la maji machafu, maana tulizoea kuvichimba nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ndo mtoni, kwahiyo fikiria mwenyewe yule wa chini anaoga maji gani.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria nzuri sina ugomvi nayo. Swali langu mita 60 kutoka ukingo upi? Ule wa mwaka uliponunua kiwanja, ule uliopo kwenye ramani ya mpimaji, au huu wa leo asubuhi? Nina jirani, mama mtu mzima, alipojenga mto alikuwa anausikia tu usiku, haoni maji, katikati palikuwa na minazi na shamba la migomba la watu. Leo minazi yote imekwenda, akifungua mlango wa jikoni mto huu hapa, na watu wa ofisi moja wamekuja kumpigia X nyekundu ukutani kwamba amevamia mto. Yule mama hajasogeza hata tofali, aliyesogea ni mto. Ng'ambo ya pili, upande wa ndani wa kona, mto umeacha tambarare nzuri ya mchanga mweupe, na dalali ameshaanza kupeleka wateja, anawaambia hapa maji hayafiki kaka, angalia pakavu kabisa. Anawapeleka Januari lakini!

Na mto hauhami kwa mapenzi yake. Juu kule, Goba, Salasala, Madale, vilima ambavyo zamani vilikuwa mikorosho na vichaka sasa ni mabati na pevingi mpaka getini, maji ambayo yangenywewa na ardhi yanashuka yote kwa mpigo. Kuna wanaomwaga kifusi ukingoni kwao kujikinga, sawa, anajikinga yeye, mto unabanwa unaruka kwenda kumla wa upande wa pili, naye anamwaga cha kwake, ndo vita hiyo. Halafu kuna mchanga. Malori ya Fuso yanashuka mtoni alfajiri, vijana wanachimba palepale kwenye kona kwasababu ndo mchanga msafi, sakafu ya mto inashuka, kingo zinabaki ndefu zimesimama wima, masika ikija zinaporomoka zenyewe. Siwalaumu sana wale vijana wa koleo, ni riziki, na mimi nyumba yangu haikujengwa kwa mchanga wa mbinguni. Ila mchanga ule ulikuwa na safari yake, unashuka baharini, kusi inausukuma kaskazini, kaskazi inaurudisha, ndo unaolisha fukwe. Waulize watu wazima wa Kunduchi bahari imekula ufukwe kiasi gani, halafu ujiulize mchanga wa kuurudishia utatoka wapi kama wote tumeuweka kwenye matofali.

Mto Msimbazi, ule unaopita Jangwani, umepata bahati yake, kuna mradi mkubwa wa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wa bondeni wamelipwa wahame, na daraja jipya la Jangwani limo kwenye mradi huo. Vizuri, walistahili. Sisi wa mito midogo hatuombi mabilioni. Tunaomba wapimaji wachomeke bikoni za zege, vile vinguzo vya alama, mbali na mto, pande zote mbili, na kila mwaka Juni mvua ikishaisha mtu apite na tepu, apime kutoka bikoni hadi ukingoni, aandike ukingo umesogea kiasi gani, ofisi ya serikali ya mtaa ibandike ile karatasi ukutani kila mtu aisome, mnunuzi wa kiwanja naye aikute. Baada ya miaka michache tutajua kona ipi inakimbia na ipi imetulia, na hapo hata X itapigwa kwa haki. Kwenye kona zinazokimbia uchimbaji wa mchanga upigwe marufuku moja kwa moja, kwenye zile zinazojaa mchanga, watu wachukue kwa utaratibu, maana pale mchanga unarudi. Na matete na mianzi irudishwe kingoni, haizuii kila kitu ila inashika udongo kuliko viroba vyetu hivi vya mchanga ambavyo masika moja tu vimeshachanika.

Kama kuna mhusika amesoma hapa, asisubiri bajeti, aanze na kona moja tu mwaka huu. Vijana wa mtaa wa kushika tepu wapo, na pa kuchomeka bikoni tutamwonyesha, ila aje na tepu ndefu, ile ya mita 50 tunayo na haifiki.

Mkazi wa bonde la Mto Mbezi,
Dar es Salaam.